Hawajui na Wasijue

Laare
4 Mei 2014

Wanjira,

Mwalimu Mwaniki alitufundisha kwamba barua huanza kwa kuuliza hali. Mara ya mwisho ulikuwa na mafua. Yameisha? Kama yameisha, basi hali nimeshaijua, tuendelee.

Mama yako ameniambia kwa simu kwamba chuo kimekupeleka Meru mjini kufanya mazoezi ya kufundisha kwenye nasari. Ndiye aliyenipa anwani ya shule. Wewe najua hutaki simu. Tulipotoka Embu nilikuwa nakupigia, naongea mpaka salio linaisha, na upande wako ni kimya tu, nafikiri umekufa. Barua ni afadhali. Kwa barua huwezi kuninyamazia na mimi siwezi kukukatiza. Na Kiswahili ni afadhali, maana Kimeru changu hukisikii na Kimbeere chako kinanikimbia.

Sasa sikia jambo lililotokea kwetu. Jumapili baada ya kanisa baba alikuwa na furaha, miraa ilikuwa imepata bei. Tulikuwa mezani sote. Akaanza kuuliza kila mtu anataka kuwa nani maishani. Kaka yangu Naftaly akasema anataka kununua lori. Dada yangu Gacheri akasema nesi. Hata Kagure mdogo, ambaye bado hajui kufunga viatu, aliulizwa, akasema anataka kuwa askofu, watu wakacheka sana. Halafu ikawa zamu yangu. Baba akanitazama, akasukuma bakuli upande wangu. "Mukiri, ongeza viazi."

Mimi sikutaka viazi. Nikasema, "Baba, umeniruka."

Akasema, "Wewe utakuwa hapa na sisi."

Nikasema, "Nataka chumba. Chumba cha kukodi mjini, chenye kufuli, na ufunguo niwe nao mimi. Nipike mwenyewe, nilale mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Mama aliinuka akaenda jikoni, na hakurudi mpaka chakula chake kikapoa.

Sijui nimekosea wapi. Nina miaka ishirini na moja, na watu wengi wa umri wetu wamekodi vyumba. Nilipokuwa mdogo, wageni wakija nilikuwa nafungiwa chumba cha nyuma na redio, nisije nikawachosha kwa maswali. Wakati huo hakuna aliyeinuka mezani. Sasa nataka chumba ninachofunga mimi mwenyewe, imekuwa huzuni. Kama unaelewa, nieleze.

Rafiki yako,
Mukiri


Meru
15 Mei 2014

Mpendwa Mukiri,

Mafua yaliisha. Asante kwa kuuliza, hata kama hukuuliza kwa adabu.

Kuhusu mama yako sielewi. Mama yangu huingia jikoni akiwa na hasira na huingia jikoni akiwa na furaha, kwa hiyo siwezi kukusaidia. Lakini kutaka chumba si kosa. Nimelifikiria jambo hilo na sioni kosa.

Nafundisha bebi klasi, watoto wa miaka mitatu na minne. Shule iko karibu na soko la Gakoromone na kelele za soko hutufikia dirishani. Kengele ni rimu ya gari inayogongwa kwa nondo. Mara ya kwanza ilipogongwa nilijikuta chini ya meza, mikono masikioni, na nilipofungua macho watoto wote walikuwa chini ya meza pamoja nami. Walidhani ni mchezo. Sasa kengele ikilia tunaingia chini ya meza sote, kisha tunatoka polepole. Mwalimu mkuu, Madam Nelius, alipita akaona, akasema, "Mbinu nzuri ya kuwatuliza." Sikumsahihisha.

Unajua kwa nini naitaka kazi hii. Nilipokuwa nasari kule kwetu Kiritiri, mwalimu aliniuliza jina langu, na kabla jina halijafika mdomoni alikuwa ameshamgeukia mtoto mwingine. Ilikuwa hivyo mwaka mzima. Darasa la nne nilichapwa kwa kutojibu. Nyumbani wakaita watu wa kuniombea, wakidhani kuna aliyenifunga ulimi. Jibu nilikuwa nalo, Mukiri. Lilikuwa njiani. Nataka kuwa mwalimu ambaye jibu la mtoto likichelewa litamkuta bado yuko pale.

Kuna mmoja anaitwa Ntinyari. Hajasema neno tangu nifike. Huja na kifuniko cha chupa ya chai na hukizungusha sakafuni. Mwalimu aliyenitangulia alikuwa anamnyang'anya. Mimi simnyang'anyi.

Hapa hakuna anayejua kuhusu Embu, wala darasa la Mwalimu Mwaniki. Wanajua tu kwamba mimi ni mpole. Wananiita hivyo, "yule mwalimu mpole." Ni neno dogo lakini limenifungulia mlango.

Wako,
Wanjira


Laare
24 Mei 2014

Wanjira,

Baba amesema hapana. Naftaly amesema twende tuone tu, kuona si kukodi. Kuna mzee anaitwa Ishmael, ana bucha kule Majengo, huko huko Meru mjini, na nyuma ya bucha ana vyumba vya kupangisha. Anatafuta pia mtu wa kuosha visu na kufunga nyama kwa karatasi. Naftaly anamfahamu.

Tunakuja Alhamisi. Tukimaliza nitapita shuleni kwako nikusalimie. Nitavaa shati la bluu ili unitambue, ingawa unanijua.

Mukiri


Laare
31 Mei 2014

Wanjira,

Nimefurahi sana Alhamisi! Lakini mbona hukuja langoni?

Nilifika wakati wazazi wanachukua watoto. Madam Nelius alikuwa pale, akanisalimia vizuri, akauliza mimi ni nani wako. Nikamwambia mimi ni rafiki yako, tulisoma pamoja Embu katika darasa la vijana wenye usonji. Akasema, "Usonji?" Nikaona hajui, nikaanza kumweleza. Wazazi wengine wakasogea kusikiliza, maana nilikuwa naeleza vizuri kuliko hata Mwalimu Mwaniki. Nikawaambia jinsi ulivyoweza kukaa wiki nzima bila neno, na jinsi ulivyokuwa unajifunika sweta kichwani kukiwa na kelele, na sasa tazameni, ni mwalimu wa watoto wenu! Nilijivunia sana. Mama mmoja akasema, "Kumbe." Mwingine akamshika mtoto wake mkono wakaondoka haraka, nadhani mvua ilikuwa karibu.

Halafu nikakuona mlangoni pa darasa. Nikakupungia mkono. Ukarudi ndani. Nilingoja mpaka bawabu akaniambia umetokea mlango wa nyuma.

Chumba ni kizuri. Kina dirisha linalotazama ukuta, hivyo hakuna anayepita kunichungulia. Kinanuka nyama kidogo, na harufu ya nyama mimi hainisumbui. Kinachonisumbua ni msumeno wa mifupa. Ulipowashwa nilitoka mbio mpaka karibu na msikiti. Mzee Ishmael alinifuata polepole na aproni yake. Hakuuliza nina nini. Aliuliza, "Ni huo msumeno?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi kabla sijauwasha nitakuambia, 'Mukiri, mfupa,' na wewe utoke." Hivyo tu.

Baba bado anasema hapana.

Andika upesi.

Mukiri


Meru
6 Juni 2014

Mukiri,

Mvua haikuwa karibu.

Yule mama aliyemshika mtoto mkono ni Mama Ntinyari. Hajamrudisha mtoto tangu siku hiyo. Wazazi wengine wamekwenda ofisini kumwuliza Madam kama ninaweza kuanguka mbele ya watoto, kama kuna dawa ninazomeza, kama siku moja nitawapiga. Madam amesema nikae jikoni kwanza nimsaidie mpishi, Karambu, kugawa uji, "mpaka maneno yapoe." Bebi klasi imepewa mwalimu mwingine.

Ya sweta, Mukiri. Hata ya sweta.

Nilikuwa na kitu kimoja tu katika mji huu, kwamba hawajui. Umekichukua ukakigawa langoni kama peremende.

Usiniandikie.

Wanjira


Meru
12 Julai 2014

Mukiri,

Nilikuambia usiniandikie na umetii. Mtu mwingine yeyote angeandika. Kila barua zikiletwa ofisini nimekuwa nikienda kutazama, na nikirudi mikono mitupu nakasirika nawe kwa kutoandika, kisha najikasirikia mwenyewe, kwa sababu nani aliyekukataza? Karambu alinikuta nimesimama karibu na ofisi, mwiko wa uji mkononi. "Unangoja nini, mwalimu?" Bado ananiita mwalimu. Nikasema, "Barua." Akasema, "Si uandike wewe." Kwa hiyo ninaandika.

Jikoni si kubaya. Kuna joto na Karambu hapendi maneno mengi. Watoto wa bebi klasi wakija dirishani na vikombe vyao huniambia rimu ikilia mwalimu mpya huwakataza kuingia chini ya meza.

Juzi Mama Ntinyari alikuja. Alisimama mbele ya dirisha la uji, peke yake, akaniangalia muda mrefu. Kisha akasema, "Mwalimu, niambie ukweli. Mtoto wangu anaweza kuwa kama wewe?"

Nikamwambia, "Hapana, mama. Usonji hauambukizi. Na siku hizi nagawa uji tu, simkaribii mtoto wa mtu."

Alifungua mdomo, akaufunga, akaenda zake.

Nimechoka. Mwisho wa muhula mtahini wa chuo atakuja kunitazama nikifundisha, na sina darasa la kufundisha. Nafikiria kurudi Kiritiri. Mama ana ndengu za kuvuna na mbuzi wa kuchunga. Mbuzi hawaulizi mtu ana nini. Labda mtu kama mimi anafaa atake mambo madogo, ayapate, anyamaze.

Unaweza kuniandikia. Ninaliandika wazi ili lisikupite: niandikie.

Wanjira


Majengo, Meru
17 Julai 2014

Wanjira,

Asante kwa kuandika wazi. Nimekuwa nakuandikia kichwani kila siku, nikiosha visu.

Nimesoma tena barua yako ya Mei. Uliandika, "Hapa hakuna anayejua." Mimi nilipoisoma nilikuhurumia. Nikasema maskini Wanjira, amekosa mtu wa kumwelezea. Uliandika hawajui. Hukuandika wasijue. Naftaly aliniambia mtu yeyote angeelewa. Nikamjibu kwamba na mimi ni mtu yeyote na sikuelewa.

Lakini nilikosea, na sikukosea kwa sababu ya sarufi. Habari ilikuwa yako. Hili nimelijua hapa buchani. Wateja humwuliza Mzee Ishmael, "Huyu kijana wako ana nini?" Naye hujibu, "Ana kazi. Unataka kilo ngapi?" Basi. Ananiachia niseme mimi, nikitaka. Siku nyingine nasema, wanasikiliza. Siku nyingine sisemi, nafunga nyama yao wanaenda. Sikujua kama kuna raha katika kutosema. Wewe ulikuwa nayo na nikaimwaga. Samahani, Wanjira. Samahani zaidi kwa ya sweta.

Umeona nimeandika Majengo hapo juu. Nina chumba! Mama ndiye aliyemshinda baba. Alimwambia, "Na tukifa sisi, atajifunza kuwasha jiko siku ya mazishi?" Baba akatoka nje akakaa na mbwa. Aliporudi akasema ni kwa kujaribu tu.

Sasa kuhusu Mama Ntinyari. Unajua sauti za watu hunipita. Mtu akisema "vizuri" sijui kama ni vizuri au ni vibaya. Kwa hiyo mama alipokuja kuniletea viazi, nilimwuliza. Sikutaja jina lako wala shule, usiogope. Nilisema tu mama mmoja alimwuliza mwalimu mmoja, "Mtoto wangu anaweza kuwa kama wewe?" Je, mama huyo alikuwa anaogopa?

Mama akaweka kikapu chini, akakaa kitandani kwangu. Akasema, "Hata mimi niliwahi kuuliza hivyo."

Akanisimulia siku aliyonipeleka Embu mara ya kwanza. Nilikuwa nimempiga teke dereva na kumwuma mama mkono. Tulipoingia, kwenye kona alikuwepo msichana amejifunika sweta kichwani, na ndani ya sweta alikuwa anawasomea watoto wadogo hadithi. Sauti ilitoka tu kwenye shingo ya sweta, na watoto walikuwa wametulia wamemzunguka. Mama akamvuta Mwalimu Mwaniki kando akamwuliza, "Wangu anaweza kuwa kama yule?" Mama anasema maishani mwake hajawahi kuomba kitu kwa nguvu kama alivyouliza swali hilo.

Mama hakulijua jina la msichana yule. Mimi nalijua.

Nikamwuliza na ile Jumapili ya viazi alikwenda kulilia nini jikoni. Akasema hakulia. Alikuwa anachagua sufuria ya kunipa.

Kwa hiyo nadhani ulimjibu Mama Ntinyari swali ambalo hakukuuliza. Sina hakika. Mimi ndiye niliyesema mvua ilikuwa karibu. Nenda umwulize.

Mukiri


Meru
8 Agosti 2014

Mpendwa Mukiri,

Barua yako niliisoma nimekaa juu ya gunia la unga. Karambu aliniuliza kama kuna msiba. Nikatikisa kichwa. Sikuweza kusema mpaka jioni.

Nilikwenda Gakoromone Jumamosi. Unajua mimi na soko. Nilipitia upande wa nyuma, kwenye magunia ya viazi, ambako watu ni wachache. Mama Ntinyari anauza kabichi. Jina lake ni Karwirwa. Ntinyari alikuwa chini ya meza, anazungusha kifuniko chake.

Nilikuwa nimetunga sentensi njiani. Nilipofika mbele yake ikaondoka, na maneno mengine yote yakaifuata, kama yanavyofanya. Nikasimama tu. Mteja akaja akauliza bei. Mama Ntinyari akamwambia, "Ngoja kidogo, naongea na mwalimu." Nami nilikuwa sijasema neno! Akanivutia kreti nikae. Akaendelea kubandua majani mabovu ya kabichi, taratibu, bila kunitazama, mpaka sauti yangu ikarudi.

Nikasema, "Siku ile dirishani, ulitaka kujua nini?"

"Kama atafanya kazi," akasema. "Kama ataweza kukaa mji usio wake, alipwe, arudi kwake ajifungulie mlango. Rafiki yako alipokuwa anaeleza pale langoni, ya kunyamaza, ya kujifunika, mimi nilisikia anamtaja Ntinyari. Nilimchukua nikakimbia. Sikukukimbia wewe, mwalimu. Kila asubuhi nilikuwa nangoja huyu mtoto aamke ameacha kuwa hivi."

Nikasema, "Hataacha."

Aliguna kama mtu aliyejikata kisu. Nikaona nimemwumiza, na nilichosema kilikuwa kweli lakini hakikuwa chote. Nikaongeza, "Mimi pia sijaacha. Sijui Ntinyari atakuwa nani. Huenda asiseme kamwe, sitaki kukuahidi. Lakini akizungusha kifuniko huwa anasikiliza. Nikisimulia hadithi, tukifika mahali panapotisha, hukisimamisha kwa kidole. Tukipita hapo, anaendelea."

"Hukisimamisha?"

"Kila mara."

Akajifunika uso kwa leso. Sikujua kama analia au anacheka, na safari hii niliuliza. Akasema, "Yote mawili, mwalimu. Niache kidogo."

Jumatatu akamleta Ntinyari shuleni. Alipita ofisini kwa Madam Nelius, mlango ukiwa wazi, nasi jikoni tukasikia. "Mtoto wangu amerudi kwa mwalimu wake. Kama mwalimu wake yuko jikoni, basi huyu atasomea jikoni." Na kweli akamleta jikoni, akamketisha, akaenda sokoni. Asubuhi ile nilifundisha mtoto mmoja kati ya sufuria na kuni. Kisha wa bebi klasi waliokuja kuchukua uji wakakataa kuondoka, wakakaa chini na vikombe vyao. Karambu akalalamika kwamba hana pa kukanyaga.

Madam alikuja akasimama mlangoni. Aliniita nje. Akasema, "Wanjira, niliwaogopa wazazi. Sikukuogopa wewe." Nikamwuliza kwangu mimi tofauti yake ilikuwa nini. Akasema, "Rudi darasani."

Mtahini amekuja na ameondoka. Katikati ya somo rimu ililia, tukaingia chini ya meza sote, akabaki amesimama peke yake na kalamu. Ameandika: sauti ndogo, hawatazami wanafunzi usoni, darasa limetulia. Nimepita, ila si kwa alama za juu. Shule haikunipa kazi. Madam alisema hana nafasi, na sijui kama ni kweli, na nimeamua nisilale nikilifikiria.

Mwalimu Mwaniki amesikia na ananiita Embu nimsaidie katika darasa lake. Nimemshukuru, nimekataa. Watu watasema ni hapo ninapofaa, mwenye usonji awafundishe wenye usonji, mambo yaishe. Mimi nataka bebi klasi, watoto wote waliochanganyika, mwenye kelele na asiyesema. Huko ndiko nilikopotezwa mimi. Nimeomba kazi katika shule moja upande wa Siakago, na katika maombi nimeandika mwenyewe, kwa mkono wangu, kwamba nina usonji na maana yake ni nini. Sijui kama ni busara. Ila safari hii langoni nimejitangulia mimi.

Wako,
Wanjira

NB: Hukuwa na haki ya kusema. Na kama hungesema, Mama Ntinyari asingeuliza. Nimejaribu kuyaweka mambo haya mawili pamoja na hayakai. Nimeyaacha kila moja mahali pake.


Majengo, Meru
21 Septemba 2014

Wanjira,

Uliyoandika kwenye NB nimeyasoma, na mimi pia nimeshindwa kuyaunganisha.

Nikuambie ukweli kuhusu chumba. Wiki za kwanza nilikuwa nafungua kufuli na kulifunga kwa furaha tu. Kisha nikaona kumbe chumba kina kimya zaidi ya kile nilichotaka. Nyumbani nilikuwa nasumbuliwa na sauti za watu, hapa nikawa nakaa mlangoni ili nizisikie. Niliunguza maharagwe, jirani akaja na maji akidhani ni moto. Nilimwambia mama nataka kurudi. Akasema, "Rudi Jumamosi, ule, Jumapili uende kwako." Alisema kwako. Nimekuwa nikifanya hivyo.

Baba amekuja kunitembelea. Aliingia na kofia mkononi kama mtu aliyeingia kanisani. Nilimpa chai. Alikaa kitandani kwa sababu sina pengine, akatazama kuta zote, akagonga dirisha aone kama lina nguvu. Hakusema ni pazuri. Alisema, "Hapa pangekuwa na meza ungekula vizuri." Jumamosi iliyofuata nilimkuta nyuma ya nyumba anapiga randa mbao. Sikuuliza ni za nini. Ninajifunza.

Mzee Ishmael amesema nikitaka atanifundisha kukata nyama. Tutaanza na maini kwa sababu hayana mfupa. Watu hufikiri ukipata ulichotaka unaacha kutaka. Mimi naona ndiyo kwanza nimeanza.

Siakago wamesemaje?

Mukiri


Siakago
18 Januari 2015

Mpendwa Mukiri,

Samahani kwa kukaa kimya. Nilitaka kuandika nikiwa na la kusema.

Waliniita mbele ya kamati ya shule mwezi wa Novemba. Walikuwa wameisoma barua yangu ya maombi, niliiona mezani. Mwenyekiti, mzee mmoja mfugaji anayeitwa Njiru, akaniuliza, "Siku ukikosa maneno mbele ya watoto utafanyaje?"

Nikasema, "Nitachora ubaoni mpaka yarudi."

"Na yasiporudi?"

"Nitaendelea kuchora."

Mama mmoja katika kamati alicheka, akasema watoto wake wangependa hivyo. Wengine hawakucheka. Walitoka, wakazungumza muda mrefu chini ya jua, wakarudi wakasema wananipa muhula mmoja, watazame. Nimekubali. Na mimi nitakuwa nawatazama wao.

Kuna joto huku na vumbi linaingia mpaka kwenye chaki. Nimekodi chumba karibu na shule. Nimefurahi, na pia usiku wa kwanza nililia, kwa hiyo ulichoniambia kuhusu kimya nilikikumbuka.

Juma hili, wakati wa mapumziko, mtoto mmoja anaitwa Mukami alikuja kunisimulia habari za mbuzi wao. Ni wa wale wanaosema sana, ungempenda. Katikati akakatiza, akanivuta sketi.

"Mwalimu, mbona hunitazami nikiongea?"

Nilisubiri jibu langu lifike. Yeye akasubiri pia.

Nikamwambia, "Nikitazama chini nasikia vizuri zaidi."

Alilifikiria jambo hilo, kichwa upande. Kisha naye akatazama chini, penye vidole vyake na viatu vyangu, akaanza upya tangu mwanzo: mbuzi wao amezaa mapacha, mmoja mweupe wote, mmoja ana doa jichoni, na mama yao anamkataa yule wa doa, na yeye Mukami anampa maziwa kwa chupa. Tulisimama hivyo, sote wawili tunatazama vumbi, mpaka akamaliza.

Wako,
Wanjira